Nafasi ya Mtoto Aliye Hai

Siku ya kumi na tisa baada ya Delfina kuzaliwa, baba yake alikuwa bado hajavuka ua ila kwenda chooni na kurudi. Alijinyoosha kwenye bembea yake ya pamba, iliyofungwa kati ya nguzo mbili za nyumba, mguu mmoja ukining'inia na kuchorachora mavumbini. Panga lake lilikuwa limechomekwa kwenye makuti ya paa, upinde wake huko huko, na wembe wa kunyolea, mama yake alikuwa ameuficha asikojua mtu. Ndevu zilimwota kama nyasi za kiangazi, hapa chache, pale hakuna.

Mkewe, Immaculata, alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo, mtoto kifuani, akisikiliza ule mguu ukichora. Alijua unachora nini. Unachora mstari wa sita.

Ignacio, jirani yao, akapita nje akichechemea na gongo.

"Hodi hapo. Mzazi hajambo?"

"Hajambo," Eustace akajibu kutoka kwenye bembea.

"Mshono unauma?"

"Unauma ukichekeshwa."

"Shemeji, mpe uji wa moto huyo. Alijikaza sana siku ile, tulimsikia hadi kwetu."

Akaenda zake akicheka peke yake. Naye mguu aliuvunja kwa pikipiki isiyokuwa yake, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi wa kuwatania watu.

Katika kijiji cha Kushiwau hakuna asiyejua mambo haya. Mtoto mchanga kivuli chake hakijashikamana na mwili. Humfuata baba. Baba akienda shamba, kinakwenda. Akiingia msituni, kinaingia kikikokota vijiguu vyake. Baba akiruka kijito kwa hatua moja, kivuli kinabaki ng'ambo kikilia, na kule nyumbani mtoto anaanza kuchemka. Baba akikata mti, amemkata yeye. Ndiyo maana kwa miezi mitatu baba hatoki. Mama ana arubaini yake, na baba ana yake iliyo ndefu zaidi. Watu huita tu kukaa na mtoto.

Taabu ni kwamba kiangazi hicho kulikuwa na jambo jingine lisilongoja.

Mwendo wa siku moja kutoka kijijini milima inaanza, na chini ya milima kuna bonde liitwalo Chumvini. Udongo wake una chumvi na wanyama huja kuulamba: tapiri na pua zao za kuning'inia, nguruwe mwitu kwa makundi, kuku mwitu weusi wenye shungi. Wanaume hufuata nyama huko, wanawake hufuata matete ya kusukia. Ofisi ya hifadhi ilipotaka kulifunga bonde, kijiji kilikataa. Walibishana misimu miwili hadi wakaandikiana: kijiji kitahesabu wanyama chenyewe, kwa watu wake na kwa kanuni zake, viangazi vitatu bila kuruka. Hesabu ikitimia, Chumvini inabaki ya kijiji. Ikikatika, ofisi italeta watu wake.

Hiki kilikuwa kiangazi cha tatu. Mistari mitano, yaani njia za kuhesabia wanyama, ilikuwa imeshatembewa. Wa sita, unaopita Chumvini kwenyewe, ulikuwa wa Eustace, na kanuni ya ofisi inataka macho yawe yale yale kila mwaka, asibadilishwe mtu. Kanuni ya kijiji nayo, namba nne, inasema mwenye mtoto mchanga haingii msituni. Hiyo namba nne aliisimamia Eustace mwenyewe mbele ya kikao. Walipomuuliza kwa nini iandikwe, alisema, "Ni desturi," akaketi. Immaculata alikuwa nyuma pamoja na wanawake. Aliona jinsi alivyoikalia mikono yake ili isionekane.

Yeye Chumvini alikujua kwa kalamu. Alisoma hadi darasa la sita katika shule ya misheni. Sekondari iko mbali, ng'ambo ya mbuga, na mwaka ule mama yake aliugua, muhogo ukawa unamngoja shambani. Masomo yalikwisha, mwandiko ukabaki. Mwandiko wa Eustace ni nyayo za kuku aliyekimbizwa, kwa hiyo kila aliporudi na daftari lake lenye jasho na damu ya mbu, Immaculata ndiye aliyelinakili kwenye kitabu safi. Tapiri jike na mtoto, saa kumi na moja asubuhi, magharibi mwa jiwe. Nguruwe mwitu, hawakuhesabika, walikuwa wanakimbia. Alipokuwa akiandika aliwaona. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliwaona.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja alimkuta mumewe amekaa kwenye kigogo, anapaka viatu vyake mafuta ya ng'ombe.

"Unakwenda wapi?"

"Napaka tu. Vinakauka."

"Viatu vya mtu aliyekaa havina haraka ya kukauka."

Eustace akaendelea kupaka. Baadaye akasema bila kuinua uso, "Siku sita, Kulata. Moja ya kwenda, moja ya kurudi, nne za kuhesabu. Nitamwekea vijiti kila kijito. Kila njia panda nitaifunga kwa majani asipotee. Jioni nitamwita jina."

Immaculata alimhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile.

"Hata mara ile ulikuwa na mikono ya kuweka vijiti," akasema.

Mafuta yakakaa kidoleni mwa Eustace. Hakuyapaka tena.

Mara ile ilikuwa kabla ya kanuni yoyote kuandikwa. Walikuja watafiti wanne kutoka mbali kufungua mistari, wakamtaka Eustace awaongoze. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa mwezi mmoja, mtoto wao wa kwanza. Eustace aliondoka akijua la kufanya: kila kijito baba hulaza vijiti viwili, ng'ambo hadi ng'ambo, daraja la kivuli kidogo. Akafika kijito cha kwanza, akainama. Nyuma yake watu wanne walisimama na mizigo mgongoni wakimngoja, na mmoja akatabasamu. Si tabasamu baya. Lakini Eustace alisikia masikio yakipata moto. Akajifanya anafunga kiatu, akainuka, akavuka. Vijito kumi na kimoja alivivuka hivyo. Aliporudi, mtoto alikuwa na homa siku ya pili. Ya tatu hakuifikisha.

Jina lake halitajwi. Aliyekwenda mapema hivyo akisikia jina lake hudhani anaitwa. Muuguzi wa zahanati aliandika kitu kwenye kadi, na huenda alichoandika kilikuwa kweli. Immaculata hakubishana na kadi. Ila kadi haikuwapo pale kijitoni.

Waliojua hayo walikuwa watatu: yeye, Eustace na Mama Veronia, mama mkwe wake. Kwa kijiji kizima namba nne ilikuwa desturi tu.

Adhuhuri ile ile gari la ofisi likaingia likivuta vumbi jekundu. Alishuka Bwana Prescod, mtu wa pwani, mrefu, mpole, mwenye kuvua kofia kabla hajafika kivulini. Alikuja na tushau, yaani mkuu wa kijiji, Lukas, ambaye pia ni mjomba wa Eustace. Mama Veronia akawapa kibuyu cha parakari, pombe ya muhogo, wakanywa wakirudishiana kama inavyotakiwa, na hakuna aliyesema neno la maana hadi kibuyu kilipozunguka mara mbili.

"Mtoto anafanana na nani?" Prescod akauliza.

"Anafanana na mtu mwenye njaa," akasema Mama Veronia. "Sema lililokuleta, mwanangu. Gari lako halikuja kunusa mtoto."

Prescod akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha.

"Zimebaki siku saba mvua zianze. Mstari wa sita hauna kitu. Mimi si adui yenu, mnajua. Kule ofisini wapo waliosema tangu mwanzo kwamba hamtafika mwaka wa tatu. Niliwabishia mimi."

"Tunajua," akasema Lukas. "Mpwa, unasikia?"

"Nasikia, mjomba."

"Kijiji kizima kinakutazama kwenye hiyo bembea."

Eustace akaacha kujibembeza. Nyumba ilikuwa ndogo, na watu wote watano walikuwa wamekaa magoti karibu na magoti. Immaculata aliona hakuna aliyeziba mlango, na bado hakuna pa kutokea.

"Zipo njia," Prescod akasema. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akailaza juu ya kigogo. "Mtu akishindwa kutembea mstari wake kwa sababu inayokubalika, hesabu haikatiki. Tunaweka alama tu hapa. Sababu ni nne: ugonjwa, jeraha, mafuriko, msiba."

"Na desturi?" Eustace akauliza.

"Niliiomba hiyo. Wakasema desturi si sababu, ni maelezo."

Lukas akakuna kidevu. "Basi andika ugonjwa. Andika mtoto hajisikii vizuri. Alama moja tu, mambo yameisha."

"Lukas," akasema Mama Veronia. Hakupaza sauti. "Unamwita nani humu ndani?"

"Dada, ni karatasi."

"Homa haijui kusoma, lakini inasikia. Rudia neno hilo karibu na huyu mtoto nikumwagie hiki kibuyu, utushau wako ulewe."

Prescod akashusha sauti kama mtu aonaye haya mapema.

"Kuna jambo jingine, na msiseme limetoka kwangu. Mnaweza kujaza sifuri. Siku nne, sifuri nne. Hakuna atakayekuja kuuliza."

Hapo Immaculata akainua kichwa. Hadi wakati huo alikuwa anamtazama mtoto akinyonya, kile kidimbwi kwenye utosi kikipanda na kushuka.

"Sifuri ni mtu aliyekwenda akakosa," akasema. "Tukiandika sifuri tumesema Chumvini hakuna tapiri, hakuna nguruwe, tumewala wote. Miaka miwili nimeandika walivyo wengi. Wakisoma hivyo, si ndio watakaokuja na kibao cha kulifunga bonde?"

Prescod akamtazama, halafu akatazama kitabu safi kilichokuwa kando yake. Pengine hakuwahi kujiuliza mwandiko ule ulikuwa wa nani.

"Kweli," akasema.

Kuku akaingia, akazunguka katikati ya miguu, akatoka. Kisha Eustace akashuka kwenye bembea, akasimama, akaenda pale vilipokuwa viatu.

"Nitakwenda," akasema. "Kanuni niliweka mimi. Nitaivunja mimi."

Lukas akapumua. Hata Prescod alionekana kupumua. Mama Veronia peke yake alifumba macho.

Immaculata alijua kitakachofuata kana kwamba kimekwisha kunakiliwa. Akienda, na mtoto akabaki salama, ofisi itasema kanuni za hawa watu zinavunjika ukiwasukuma kidogo, na siku watakaposema hapana kwa jambo kubwa zaidi, watasukumwa. Akienda, na mtoto asibaki salama... hilo hakulimaliza. Akiketi, Chumvini inaondoka, na wanawake wenzake watamtazama kila watakapokosa matete. Kila upande ulikuwa na ukuta, na yeye alikuwa katikati na kitu cha uzito wa kuku mapajani.

"Nipe hiyo karatasi," akasema.

Prescod akampa. Akaisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama walivyofundishwa misheni.

"Hii ya nne ni mtu akifiwa?"

"Ndiyo. Msiba."

"Kwa mfano, mtoto akifa."

"Mungu aepushe. Ndiyo, mfano huo."

"Akifa, mstari wa sita unasamehewa."

Prescod akaigeuza kofia mikononi. "Unasamehewa."

"Kwa hiyo karatasi hii ina nafasi ya mtoto aliyekufa. Ya mtoto aliye hai haina."

Prescod akaacha kuigeuza kofia.

"Sisi tuliwahi kuistahili hiyo ya nne," akasema tena, sauti ileile, akimfuta mtoto mdomo. "Watafiti walipokuja mara ya kwanza. Hatukujua kama kuna karatasi."

Lukas alimgeukia dada yake. Mama Veronia alikuwa analia bila kujifuta. Lukas akamtazama mpwa wake aliyekuwa ameshika kiatu kimoja, na ilionekana namba nne inamwingia, kwa mara ya kwanza, mahali pake.

Immaculata akachukua kitana chake, akakilaza upande wa mgongo chini ya sababu ya nne, akapiga mistari minne. Kikawa kisanduku kama vile vingine, kimepinda kidogo. Pembeni akaandika: Mtoto mchanga. Kanuni ya kijiji namba nne. Akatia alama. Kisha akafungua kitabu safi, na kwenye mstari wa sita, siku ya kwanza, akaandika: Hakuna aliyekwenda. Baba anakaa na mtoto. Ya pili vivyo hivyo. Hadi ya nne. Penye wanyama hakuandika sifuri, alipiga kistari.

"Hiyo hawataikubali, dada," Prescod akasema kwa huruma. "Siwezi kukuahidi chochote."

"Sijakuomba ahadi. Nimekuomba uipeleke."

Akaipeleka.

Mvua zikaja kwa wakati wake, zikafunika mbuga, barabara ikawa ziwa, na kwa majuma mengi hakuna gari lililoweza kuingia wala jibu. Immaculata hakutoka sana. Alipokwenda kuchota maji, mazungumzo yalipungua. Siku moja msusi mmoja hodari, Rosamunda, alisema akitazama ndoo yake, "Wengine tuna watoto wakubwa wa kulisha, na vikapu ndivyo vinavyowalisha." Hakumtaja mtu. Immaculata akajitwisha maji yake. Rosamunda hakusema uongo.

Ndani, Eustace alibembea. Walizungumza kidogo. Kuna siku alisema kutoka huko juu, "Ningekwenda, ungenisamehe?" Naye akajibu, "Usiniulize cha kule. Niulize cha hapa." Delfina alijifunza kucheka wiki hiyo, akiucheka mguu wa baba yake unavyokwenda na kurudi.

Barua ililetwa kwa mtumbwi. Lukas aliisoma mbele ya watu. Sababu iliyoongezwa kwa mkono haitambuliki. Mwaka wa tatu haukutimia. Hata hivyo, kwa kuwa takwimu za miaka miwili ni safi, kijiji kinaruhusiwa kuanza upya: miaka mitatu mingine bila kuruka. Kwa muda huo wahesabuji wawili wa ofisi watafuatana na mtu wa mstari wa sita, ambaye asibadilishwe.

"Miaka mitatu," akasema Mama Veronia walipofika nyumbani. "Bila kuruka. Kwa hiyo Eustace asipate mtoto kila kiangazi kinapokaribia. Mwanangu, ofisi imekuingilia hadi kitandani."

Eustace alicheka. Immaculata naye alicheka, kisha akaona si jambo la kuchekwa, kisha akacheka tena.

Pamoja na barua kulikuwa na fungu la karatasi mpya, ishirini na nne, kila moja na sababu zake nne. Immaculata alizilaza mkekani, akachukua kitana. Alikuwa kwenye ya tatu Lukas alipoingia. Alisimama mlangoni, akaangalia. Baadaye akaketi, akawa anampa karatasi moja moja, na kuzipokea zilizokwisha na kuzipepea wino ukauke. Walifanya hivyo hadi ya ishirini na nne.

Mwezi wa nane maji yalishuka. Siku za Eustace za kukaa zilikuwa zimekwisha, lakini safari ya kwanza baada ya kukaa huwekewa vijiti kama ilivyo. Vijana wawili wa ofisi walikuja, mizigo mgongoni, viatu vipya. Immaculata, mtoto mgongoni, alifuatana nao hadi kijito cha kwanza, kwa sababu hapo ndipo mama hurudi.

Eustace akatua mzigo. Akainama, akatafuta kijiti, akakitupa, akatafuta kingine kilichonyooka. Nyuma yake vijana wawili walisimama wakingoja. Mmoja akatazama saa, akamtazama mwenzake. Immaculata aliona masikio ya mume wake yakiiva mekundu kama zamani. Aibu haikuwa imekwenda popote. Ila safari hii hakuinuka. Alilaza cha kwanza, kutoka jiwe hadi ukingo. Akalaza cha pili. Akavijaribu kwa kidole kama vitabeba. Kisha akavuka, akageuka, akaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto mezani, "Delfina, pita hapa. Taratibu."

Vijana wakavuka pembeni, wasivikanyage.

Immaculata alisimama hadi majani yakafunga nyuma yao. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, joto lake lile lile. Akamgusa mguu, akaugusa tena. Vilibaki vijito kumi, na hivyo yeye asingeviona.